Kinywa cha Nyota

Jumamosi, 15 Agosti 1987

Salongo asubuhi, ile kazi ya lazima ya serikali. Nimefyeka majani ya mtaa mzima, mgongo wote umekufa. Mchana mchezo, barazani kwetu.

Nieleze, maana shajara hii siku moja itasomwa na watu. Mwalimu mmoja Mbelgiji aliporudi kwao aliniachia sanduku la mchezo wa mezani. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni. Anaamua mtu huyo anafanya nini, anasema nini, anaogopa nini. Mwongozaji, yaani mimi, ni mengine yote: mvua, mito, chui, wezi, wafalme. Tunarusha dadu, hadithi inakwenda. Claudine ana Nyota, mwanamke wa mtumbwi, mwenye mkuki na ulimi mkali. Assumani, fundi cherehani jirani yetu, ana mhunzi. Huyo mhunzi anachekesha. Claudine anacheka mpaka anajishika mbavu. Haifai!

Leo nimemtumbukiza mhunzi mtoni. Amepona, ila amekuwa bubu. Nikamwambia Assumani kwamba mwenye mtu bubu naye haruhusiwi kusema mezani. Sheria. Basi akaanza kucheza kwa mikono na macho. Claudine amecheka mpaka amemwaga chai.

Habari mbaya kuliko zote: Claudine amepata kazi ya ualimu Bafwasende. Anaondoka Jumatatu ya tarehe 24. Mwaka mzima nimekaa naye meza moja na sijamwambia kitu. Moyo unaniuma.

Jumapili, 16 Agosti

Nimepata mpango, katikati ya misa. Kumwambia Claudine kwamba nampenda siwezi, ulimi unakuwa mzito. Lakini ninaye mfalme! Mfalme Lomela, mwenye ngoma na walinzi, niliyemtengeneza mwenyewe. Yeye haogopi mtu. Atamposa Nyota, Nyota atakubali, na Claudine atakuwa ameshazoea kusema ndiyo. Kwangu itabaki kumalizia tu. Nimekula sahani mbili za pondu kwa furaha.

Jumatano, 19 Agosti

Mfalme ameposa. Kwa maneno matamu kweli, nimeyahangaikia tangu Jumapili. Nyota amesema hapana. Anataka kwenda na mtumbwi wake, aone mto unaishia wapi.

Nikamweleza Claudine kwamba amekosea, Nyota amesema ndiyo, nimemsikia. Akaniangalia. "Kinywa ya Nyota iko yangu," akasema. "Weye uko na ya mufalme." Akachukua kitabu cha sheria, akasoma kwa Kifaransa safi: mwongozaji haamui mtu wa mchezaji anataka nini. Nikasema ukurasa huo umechapwa vibaya. Nikasema pia kwamba mezani hakuwezi kuwa na viongozi wengi, kiongozi ni mmoja tu, milele. Assumani akaangalia barabarani kama kuna wa serikali anayesikia, akanionyesha kwa mikono nipunguze sauti.

Hapo akili yangu ikawaka. Binti hajiozi! Anaozwa na tonton wake, mjomba. Nyota hana tonton? Nikampa. Mzee wa kijiji, mpole, na kwa kuwa hana mchezaji, ni wangu. Mfalme akamletea mbuzi, vitambaa na pombe. Tonton akapokea, akanywa, akashukuru. Natoa kwa mkono wa kuume, napokea kwa wa kushoto. Ndoa imepita! Claudine ameondoka bila kuaga. Haya basi, bibi arusi lazima anune kidogo.

Jumamosi, 22 Agosti

Balaa. Hatujarusha hata dadu moja, amefika tonton Hilaire. Tonton wa kweli, kaka ya mama yake Claudine, anayefanya kazi uwanja wa ndege wa Bangboka. Suti yake ya abacost imepigwa pasi. Ameniita citoyen, mwananchi, kama wa ofisini, dalili mbaya. Nyuma yake Claudine, amekaza uso asicheke. Tonton amekuja, anasema, kwa sababu amesikia binti yake ameolewa, ilhali yeye hajaonja hata tone la pombe.

Nikasema ni mchezo tu, tonton. Akasema vizuri, basi naye atacheza. Akavuta kiti. Kuanzia leo tonton wa Nyota ni yeye. Akauliza yule mzee aliyekunywa pombe ni wa ukoo gani. Akauliza tangu lini anayeoa na anayeoza wakawa mtu mmoja. "Ile iko wizi," akasema, "hata kwa michezo." Ndoa imevunjwa. Mfalme alipe faini: jogoo. Nikaandika jogoo kwenye karatasi. Akasema hapana, jogoo mwenye manyoya. Na mama yangu, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akaenda kumkamata jogoo wetu yeye mwenyewe! Mama yangu mzazi.

Halafu tonton akamweka jogoo magotini, akashusha sauti. "Bon. Ya mufalme tumesha maliza. Na weye, Timothée? Weye mwenyewe unamupenda huyu mutoto?"

Claudine hakuwa na kicheko tena. Ananiangalia, anangoja. Assumani, bubu wangu, akanipiga teke chini ya meza. Wote walikuwa wamenifungulia njia.

Nikajibu kwamba anayempenda ni mfalme.

Mjinga mimi! Mjinga wa mwisho! Tonton akatikisa kichwa, akaondoka na jogoo. Claudine akaikunja karatasi ya Nyota, akaitia mfukoni.

Jumapili, 23 Agosti

Sikwenda misa. Sijala. Laiti ningesema neno moja tu. "Ndiyo" ina ugumu gani? Hata mtoto anaisema. Nimelia kidogo, mama akadhani ni kwa ajili ya jogoo.

Mpango mpya. Kesho nitakwenda kwenye malori ya Bafwasende. Nimepanga maneno yote, yangu na yake. Atashangaa, atauliza nimefuata nini. Nitasema nimemfuata yeye. Atalia. Nitasema nampenda. Atasema alijua. Safari hii hakiwezi kuharibika kitu.

Jumatatu, 24 Agosti

Lori limejaa magunia ya chumvi. Claudine amekaa juu, Assumani anamfungia godoro. Akaniona. Hakuuliza nimefuata nini. Aliinama akasema, "Timothée, niko nasikia. Sema sasa."

Hiyo haikuwemo! Nikamwambia hapana, kwanza aulize nimefuata nini. Akasema anajua nimefuata nini, niseme tu. Nikamsihi aulize, ni swali fupi, mengine yote yanafuata hapo. Hakukasirika. Angekasirika ningevumilia.

"Kwaheri, mufalme," akasema.

Dereva akawasha. Nikakimbia nyuma ya lori mpaka vumbi likanishinda, nikipiga kelele mimi mwenyewe lile swali lake: umefuata nini! Umefuata nini! Watu wa soko waligeuka wote. Assumani alinifuata, akaniwekea mkono begani, akanirudisha nyumbani bila neno. Sijui kama bado alikuwa anacheza.

Jumanne, 25 Agosti

Nimempoteza. Hakuna aliyeninyang'anya, wala Assumani, wala Bafwasende. Nimempoteza mwenyewe, mchana kweupe, huku akinisubiri. Najuta mpaka mifupani.

Alasiri nimepanga meza na viti vyote. Nikakaa kwenye kiti cha Claudine, nikawa Nyota. Nikahamia kwangu, nikawa mfalme. Mfalme akaposa. Nyota akakubali papo hapo, hata sentensi haijaisha.

Sikupata raha niliyoitegemea. Nimefikiri sana kwa nini, na nadhani kosa nimeliona: amekubali haraka mno. Kesho nitamfanya akatae kidogo kwanza.