Daktari wa Friji na Asilimia Thelathini na Saba

Jumatatu, 4 Machi
Wateja sita! Wiki jana siku kama hii walikuwa arobaini na mmoja. Duka langu la kuchapa na kutoa kopi liko mkabala na geti la shule. Miaka kumi na tisa nawachapia wanafunzi kazi zao. Sasa mwalimu mpya wa kompyuta anawafundisha kuchapa wenyewe, kisha wamtumie kwa barua pepe. Hata karatasi hawatumii! Wiki tatu za hivi, nafunga duka.

Jumanne, 5 Machi
Nimetunga taarifa: daktari bingwa agundua kuwa mwanafunzi akichapa mwenyewe, kumbukumbu hupungua kwa asilimia 37. Arobaini ingeonekana ya kubuni. Daktari ni shemeji yangu, fundi friji, koti jeupe na barakoa. Nimempiga picha hapa dukani. Nikaituma kwa mama mmoja asiyejua kukaa na habari. Ndani ya saa moja imefika kundi la wazazi: watu 63.

Jumatano, 6 Machi
Wateja ishirini na wawili! Wazazi wamekataza kompyuta. Shemeji hajavua koti tangu jana. Dada yangu analalamika kuwa mumewe amempima presha kwa kushika kiwiko, akamkataza chumvi.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Mwalimu kaifanya taarifa yangu kuwa zoezi: nani kaiandika, ana faida gani? Darasa limemaliza kwa dakika nne. Wameikuza picha, nyuma ya bega la daktari kuna bei zangu za kopi na namba yangu ya simu. Aliyegundua wa kwanza ni binti yangu! Kapata kumi kwa kumi. Nikamuuliza kwa nini kamchongea baba yake. Eti, "Baba, mimi nilijibu swali tu."

Ijumaa, 8 Machi
Wateja watatu, mmoja anauliza njia. Mwalimu alikuja dukani, hana hata hasira. Kanialika darasa la wazazi kesho: namna ya kukagua ujumbe kabla ya kuuamini. Mimi! Niliyejifundisha kompyuta bila mwalimu, nikakae dawati moja na watu wanaoshika simu kichwa chini! Nimekataa. Kwa adabu.

Jumamosi, 9 Machi
Darasa limejaa, nimehesabu vichwa 28 dirishani. Waache. Saa nne kasoro dakika tano, ujumbe! Duka langu limechaguliwa kati ya maduka 8,416 kupewa mashine mpya mbili za kopi. Namba kamili kabisa. Tapeli angesema elfu nane. Wametaka namba yangu ya siri na niusambaze kwa watu ishirini. Nimetuma vyote. Kundi la wazazi limepata la kwanza, wajue nani kaokoka.

Saa nne na dakika mbili laini yangu ya simu imekatika. Bila shaka wananiandalia mpya. Ng'ambo ya barabara, darasa zima limeangua kicheko. Sijui mwalimu anawaonyesha nini. Kusoma kwenyewe hawasomi.