Ombi la Kupiga Marufuku Moto wa Shemeji Emmett

Bi. Lorraine Tveit,
Mwenyekiti, Klabu ya Walenga Shabaha ya Dry Fork,
Montana.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba majani ya ng'ombe wako yalikatwa kabla ya ile mvua ya mawe. Mimi sijambo, isipokuwa goti nililofanyiwa upasuaji mwezi Machi, na moyo, ambao haukupasuliwa lakini unauma zaidi.

Jumamosi wanachama watapiga kura kuchagua mashine ya kulainishia maganda ya risasi. Wewe na mimi tunajua kwamba ganda la shaba likifyatuliwa na kujazwa tena mara kadhaa, shingo yake hukakamaa, haiishiki risasi sawasawa, na matundu yaliyotakiwa kugusana kwenye karatasi ya shabaha huanza kuishi mbalimbali. Dawa ni kuipasha shingo joto kidogo ilainike, bila kugusa kitako. Nalieleza hili kwa faida ya mweka hazina wetu, ambaye hupiga mishale.

Mashine zilizopendekezwa ni mbili. Ya kwanza ni ya umeme, kama ile ambayo muuzaji wa mjini Billings ameniazima kwa majaribio. Ya pili ni ya moto wa gesi, aliyoiunda Emmett Garrity, kaka wa mke wangu Colleen, kwa kopo la kahawa na mota ya waipa aliyoing'oa kwenye gari lake mwenyewe. Ndiyo maana mvua ikinyesha Emmett haonekani mjini. Anaitoa bure, na mimi naipinga kwa sababu zifuatazo.

1. Giza. Mashine ya moto inahitaji giza, kwa kuwa mwendeshaji hutazama rangi: shingo ikianza tu kuwa nyekundu, ganda litolewe. Kwa hiyo Emmett hufunga mapazia ya jengo la klabu, na siku anayoichagua ni Jumapili, wakati sisi wengine tunakula pankeki humo humo. Mwezi Mei nilimimina mchuzi wa soseji ndani ya kahawa yangu, nikainywa yote ili nisimpe la kusema. Akasema hivyo hivyo. "Kula tu, shemeji. Mdomo wako haujawahi kupotea njia." Watu wakacheka. Kwa sababu ya giza sikuwaona waliocheka, hivyo nawalalamikia wote.

2. Macho. Emmett ametolewa mtoto wa jicho upande mmoja, upande wa pili bado anasubiri zamu. Nilimuuliza kwa heshima hiyo rangi anaitazama kwa jicho lipi. Akanijibu, "La kushoto linaona nyekundu, la kulia linaona linavyotaka. Wakipatana, natoa ganda." Mashine ya umeme haina macho ya kupatanisha. Unaiwekea namba ya aina ya ganda, inajihesabia yenyewe.

3. Mluzi. Hili nalileta kwa uchungu. Emmett hahesabu kwa saa. Hupiga mluzi wimbo wa kanisani, na ubeti ukiisha ndipo ganda linadondoka kwenye sufuria. Wanachama wamezoea mno. Kwenye mazishi ya mzee Halvor wimbo ule uliimbwa polepole sana, na nilisikia nusu ya waombolezaji wakiguna. Mjane alidhani wanamlilia marehemu. Walikuwa wanawaza ganda linaloungua, Bi. Lorraine. Mimi pia niliguna.

4. Ushahidi. Tangu Machi maganda yangu yanalainishwa kwa umeme tu. Kwa kuwa goti haliniruhusu kushuka ngazi za chumba cha chini, ilipo mashine, kazi hiyo ameichukua Colleen. Nilimwandikia namba kwenye utepe nikamwambia aubandike juu ya mashine. Asubuhi anashuka na ndoo, jioni ananirudishia maganda yenye ile pete ya buluu inayoachwa na joto shingoni, mazuri kupita kiasi. Unakumbuka mwezi Juni, kwenye yadi mia sita, matundu yangu matano yalifunikwa na kifuniko cha chupa ya jamu. Unakumbuka pia nilipanda juu ya kiti, kwa mguu mzima, nikainua ile karatasi na kusema, "Huu ndio umeme, jamani! Moto waachieni wachoma nyama!" Emmett alipiga makofi kuliko mtu yeyote. "Hongera, shemeji," akasema. "Hayo maganda yamepikwa vizuri." Niliujua ule kuwa wivu, na tangu siku hiyo sijamsemesha.

Kwa hiyo naomba moto upigwe marufuku klabuni. Naomba vikombe vyote alivyoshinda Emmett vihamishiwe kwenye mashindano ya mapishi, yale ya keki yakiwemo. Naomba apangiwe meza ya mwisho kule upepo unakoelekea. Na kwa kuwa wewe pia ni mwenyekiti wa kamati ya makaburi, naomba kiwanja chake kilicho kando ya changu kihamishwe. Sitaki kulala milele jirani na mtu anayepiga mluzi.

Oktoba nitakwenda kuwinda milimani bila yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake. Colleen anasema kwa goti hili nitakwenda peke yangu na kurudi na helikopta. Sitaficha kwamba jambo hili linaninyima raha. Lakini sayansi ni sayansi.

Nisalimie mumeo, wanao, yule mbwa aliyeniuma, na kamati nzima.

Wako mtiifu katika shabaha,

Orrin Haugland

N.B. Nilimpa Colleen barua hii asahihishe. Alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaacha kucheka, akaniambia ukweli. Kumbe chumba cha chini kina soketi moja tu. Siku ya pili tangu nitoke hospitali aliichomoa mashine ya umeme ili achomeke friza, kwa sababu lilikuwa na kulungu mzima ndani. Haijawashwa tena. Maganda yangu yote, yale ya Juni yakiwemo, alitokea nayo mlango wa nyuma akampelekea Emmett.

"Ulisema yalainishwe," ameniambia. "Hukusema yalainishwe na nani."

Nikamuuliza kama Emmett alijua ni ya kwangu.

"Alijua. Kila nikienda anauliza goti lako linaendeleaje. Akanikataza nisikuambie, eti umelala kitandani mwezi mzima, acha ufurahi."

Kwa hiyo siku ile nikiwa juu ya kiti alikuwa anajua, na bado akapiga makofi.

Kura yangu Jumamosi iandike ni ya moto. Kaburi lake liache palepale lilipo. Na Jumapili mtu yeyote asiyaguse mapazia, nitakuja kuyafunga mimi.