Kabati la Televisheni na Sabato ya Tarehe Tatu

Nyuma ya soko la ndizi,
Awendo.
14 Agosti 1996

Kwa Mchungaji Nyarangi na Baraza la Kanisa,

KUH: KABATI MLILONICHAGULIA NA AIBU ILIYONIPATA

Mchungaji mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Barua yenu ya juzi nimeipata na nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimesimama. Mnasema mimi Nyangau, mwalimu wa kwaya kwa miaka kumi na mmoja, nimesimamishwa ushirika miezi mitatu kwa kutazama mpira siku ya Sabato. Mnasema pia kwamba Jumapili ya tarehe 25, binti yangu Moraa atakapoolewa, si mimi nitakayemshika mkono kumwingiza kanisani. Ataingizwa na Mzee Ombui. Mchungaji, huyo mtoto nimemlea kwa kuuza ndizi tangu ana meno mawili. Ombui amemlea lini? Imeniuma, sitaficha.

Nakanusha shtaka lote. Sikutazama, nilisikia tu. Na walionisikizisha ni nyinyi wenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Niliponunua televisheni ya rangi niliwaarifu kwa unyenyekevu, nikidhani mtaniombea. Mkaniundia kamati ya kunichagulia vifaa vya kuandamana nayo. Mwenyekiti akawa Mzee Ombui, katibu Mama Nyasuguta wa Dorkasi, chama cha akina mama wa kanisa. Walikaa vikao vinne sebuleni kwangu na kila kikao walikunywa chai kwa mandazi. Mimi mwenye televisheni nilikuwa mwanakamati asiye na kura.

2. Kifaa cha kwanza walichochagua ni kabati la mbao lenye milango miwili na kufuli, ili televisheni ifungwe Ijumaa jua likitua na kufunguliwa Jumamosi jua likitua. Nilikubali. Ufunguo akapewa Mzee Ombui, eti mimi ni dhaifu. Nikameza. Lakini fundi Machuki alitumia mbao mbichi, zikakauka, na milango ikaachana mwanya wa upana wa kidole. Nautaja mwanya huu kwa sababu mimi ni mtu mkweli. Hauna maana nyingine.

3. Kuziba mwanya, akina mama walifuma kitambaa cheupe chenye njiwa wawili na maneno KARIBU MGENI. Kikatundikwa mbele ya kabati. Wahenga walisema macho hayana pazia. Yangu yalikuwa nalo, tena la Dorkasi!

4. Rimoti kamati iliamuru ikae ndani ya kabati, pamoja na televisheni, nisije nikajaribiwa.

5. Halafu spika. Mimi niliomba ndogo. Mama Nyasuguta akasema kanda za kwaya hazisikiki vizuri kwa spika ndogo, kwa hivyo wakachagua mbili zenye kimo cha mbuzi. Hazikuingia kabatini. Zikawekwa nje, moja kulia, moja kushoto, karibu na dirisha linaloangalia kanisa. Mchungaji, mtu anafunga mdomo wa ng'ombe na kuacha sauti nje? Hiyo ni akili gani?

6. Sasa sikiliza yaliyotokea Ijumaa ya tarehe 2. Mzee Ombui alikuja kufunga kabati saa kumi na moja, ingawa jua hutua kama saa kumi na mbili na dakika arubaini na tano. Alikuja mapema kwa sababu ya mieleka. Alikaa kwenye kiti changu, akala mahindi yangu, akatazama hadi mwale wa mwisho wa jua. Alipoona giza linaingia alishtuka, akafunga milango, akapiga kufuli, akakimbilia safari yake ya kisiwani Remba kumwona mkwewe. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Televisheni hakuizima!

7. Ikabaki inaongea humo ndani. Ilitusomea habari, ikatupigia muziki, na stesheni ilipofunga kwa wimbo wa taifa sisi wote tulisimama wima mbele ya kabati. Sisi ni raia wema.

8. Mnauliza kwa nini sikuchomoa plagi. Hapo ndipo nilitegemea kusifiwa. Kuchomoa plagi ni kazi. Kukata waya ni kazi na nusu. Kubeba spika zile kuzitoa nje ni kazi ya watu wanne. Amri inasema tupumzike, na mimi nilipumzika kuliko mtu yeyote Awendo nzima.

9. Najua tangazo la pombe liliingia kanisani katikati ya maombi yako, na kwamba safu ya nyuma iliitikia amina. Pole sana. Lakini spika nani alizichagua?

10. Mchana ikaja fainali. Wanakwaya waliponitembelea, nia yao ilikuwa kunifariji. Walikaa kwenye benchi safu tatu wakielekea kabati kwa sababu ndivyo viti vilivyopangwa, na vilipangwa na kamati. Tulitazama mbao. Tulitazama njiwa. Kitambaa hakikuguswa na mkono wa mtu. Kelele mlizosikia zilikuwa za majonzi.

Kwa hivyo naomba kwa unyenyekevu: kwanza, baraza liamue kwamba televisheni isiyoonekana ni redio. Pili, aliye na ufunguo ahesabiwe kuwa ndiye mwenye televisheni, na miezi yangu mitatu apewe Mzee Ombui, ambaye mieleka aliiona kwa macho yake mawili. Tatu, ufunguo ahamishiwe jirani yangu Nchagwa. Yeye ni Mkatoliki, Sabato yetu haimtishi, na mieleka haipendi.

Nne, na hili ndilo kubwa, hata mkikataa hayo mengine yote: nirudishieni mkono wa binti yangu. Suti nimeshashonesha. Moraa amekuwa akifanya mazoezi ya kutembea nami kutoka jikoni hadi kwenye mti wa parachichi, polepole, ili nisimkanyage gauni. Tangu barua yenu ije hajataka mazoezi tena. Nimekaa mbele yenu miaka kumi na mmoja nikiwafundisha sauti ya tatu. Mtu kama huyo neno lake haliaminiki?

Nisalimie mama mchungaji, watoto, wazee wote wa baraza, akina mama wa Dorkasi, na hata Mzee Ombui, nikimwombea macho mapya.

Ni mimi ndugu yenu katika imani, mpumzikaji wa kweli,

Nyangau
Mwalimu wa Kwaya (aliyesimamishwa)

N.B. Nimesikia Mzee Ombui anawaambia watu sokoni kwamba bao la pili lilikuwa halali. Mwambieni anyamaze. Yeye alikuwa Remba, hakuona chochote. Mtangazaji naye alipitiwa, hakusema. Lakini mshika kibendera alikuwa ameinua kibendera chake chekundu muda mrefu kabla mpira haujaingia, na kilionekana wazi kabisa. Hata mama Moraa alikiona, na yeye ndiye aliyekuwa ameshikilia kitambaa.