Setilaiti Inayochoka Saa Mbili Asubuhi

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Intaneti imekufa. Taa ya modemu ni nyekundu tangu saa mbili asubuhi. Jana ilikuwa nyeupe, imetulia kama mtu aliyeshiba.

Si wakati wake kabisa! Jumamosi hii, saa nne asubuhi, shule moja ya famasia ya Kinshasa itanihoji kwa video. Dakika ishirini mbele ya walimu watatu. Nikifaulu, watanisomesha bure mpaka mwisho. Nisipofaulu, nabaki hapa Mangobo kumsaidia Mama kupanga samaki sokoni. Sina ugomvi na samaki. Ila nimepata diploma ya sekondari kwa asilimia sabini na mbili, na samaki hawaulizi asilimia.

Mtandao wa simu hauwezi video. Nimejaribu. Uso wangu uliganda mdomo wazi.

Papa na Mama wako Ubundu kwa biashara mpaka wiki ijayo. Nimebaki na Koko Zaina, mama yake Papa. Kabla ya kuondoka Papa aliniachia namba ya Tonton Zuberi, fundi aliyetufungia antena, akasema kukiwa na shida nimpigie tu. Tu! Niliandika kwenye karatasi maneno nitakayosema. Sentensi tano. Kufika ya pili, nikaikunja karatasi. Nikaamua kushughulika mwenyewe.

Nimechomoa waya na kuuchomeka mara kumi na moja. Nyekundu. Saa kumi alasiri, taa ikawa nyeupe yenyewe. Nimeshinda!

Jumanne, tarehe 12

Sijashinda. Alfajiri nyeupe. Saa mbili na dakika tano, nyekundu.

Kampuni ya setilaiti ina ukurasa wa kuomba msaada. Ukurasa unafunguka kwa intaneti. Sina la kuongeza.

Bon. Kwenda kwa Tonton Zuberi kwa miguu si sawa na kumpigia simu, kwa sababu mtu anaweza kugeuka njiani. Niligeuka mara tatu. Mara ya nne nilibisha hodi. Mke wake akasema fundi ametoka sasa hivi, amepanda pikipiki kwenda Bafwasende, atarudi Jumatatu, huenda nimepishana naye. Nilipishana naye kweli. Alinisalimia. Nilitazama viatu vyangu.

Jioni taa ikarudi nyeupe. Nimechora jedwali. Hitimisho: setilaiti huchoka na joto la mchana, kama watu.

Kasoro moja tu: ya kina Adeline haichoki. Adeline ni jirani na tumemaliza shule pamoja. Papa Paluku, baba yake, anauza sukari na sabuni kwa jumla, na antena yao imesimama upande wa pili wa ukuta wetu. Adeline anaongea na kila mtu: maprofesa, polisi, watu wa pikipiki. Leo alichungulia juu ya ukuta akauliza kama mtandao unatusumbua, maana anaweza kuja kuangalia. Nikajibu kwamba hatuna shida yoyote. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

Jumatano, tarehe 13

Nimepata sababu. Ni mti wa safou wa Papa Paluku! Tawi moja limeinama juu ya bati la jiko letu, hapo hapo Papa alipoweka antena. Kwenye boksi imeandikwa wazi kwamba antena inataka kuona anga yote.

Mtu mwingine angemwomba Papa Paluku. Mimi nilichukua panga la Papa, nikavaa buti zake za mvua nisiteleze, nikapanda kwenye bati kwa upande wa choo, alfajiri, kabla watu hawajatoka nje. Nilikata polepole, kwa adabu. Tawi lilienda lilikotaka. Liliruka ukuta, likaangukia antena ya Papa Paluku, na vyote viwili vikashuka chini kwa kelele ambayo nadhani walisikia mpaka ng'ambo ya mto.

Saa mbili: taa yetu nyekundu vile vile. Sasa na yao. Waya wao umekatika, na fundi ni yule yule aliye Bafwasende.

Nilimsikia Papa Paluku akisema labda ni upepo. Hakukuwa na upepo. Nilimwomba Mungu alete hata kidogo.

Alhamisi, tarehe 14

Adeline aliuliza kama nilisikia kitu jana alfajiri. Nikamwambia nalala usingizi mzito. Akaangalia buti za Papa mlangoni, zina majani ya safou. 

Nimefanya mazoezi ya mahojiano mbele ya kioo. Nimeshindwa kujitazama machoni.

Ijumaa, tarehe 15

Najua sababu. Ingekuwa heri nisiijue.

Jiko letu limeegemea nyuma ya chumba cha Koko, na bati lake liko chini, upande huo linafika mabegani mwa Koko. Ndiyo sehemu yake ya kutawadha na kuswali. Haingii mtu bila kuitwa. Leo, kabla ya swala ya Ijumaa, aliniita nimpelekee ndoo ya maji. Nikainua macho.

Juu ya antena, imefungwa vizuri kwa mpira wa baiskeli, imekaa sinia kubwa ya aluminiamu. Ndani ya sinia, mchele. Koko ameanza kukausha mchele wa kusaga unga wa mikate ya Maulidi. Anauanika saa mbili, anauondoa saa kumi. Kila siku.

Alinionyesha kwa fahari. "Hii meza ya papa yako iko muzuri sana. Joto inatoka chini, jua inatoka juu. Na kuku hawafike."

Nilisimama na ndoo. Maneno yalifika kwenye meno, yakarudi. Ni nani mimi wa kumwambia Koko kwamba ameweka sinia mahali pabaya? Mtaa mzima unamwita Maulidi yakikaribia. Nikasema mchele umekuwa mweupe sana. Alifurahi.

Lakini nina mpango. Kesho nitamwambia mvua inakuja. Ataondoa sinia mwenyewe na hakuna atakayeaibika. Sijawahi kuwa na mpango mzuri hivi.

Jumamosi, tarehe 16

Saa tatu na nusu nilimwambia Koko nikiwa mlangoni kwamba mawingu yanakusanyika. Anga ilikuwa ya buluu kama sketi yangu ya shule. Koko akatazama juu, akanitazama mimi, akasema siku hizi macho yake hayamsaidii, akaondoa sinia. Taa nyeupe! Nikavaa blauzi iliyopigwa pasi, nikakaa.

Saa nne kasoro dakika mbili: nyekundu.

Nilikimbia nyuma. Koko alikuwa amefunika antena kwa beseni lake kubwa la kufulia, la bati, ili meza ya mwanawe isilowe na mvua yangu.

Nilimshukuru kwa uangalifu wake. Sijui kwa nini. Nikaanza kulia bila sauti.

Kichwa cha Adeline kikatokea juu ya ukuta. Akauliza si leo ndiyo siku yangu, maana Koko ametangazia mtaa mzima. Akaniangalia, akaangalia beseni, akasema kama mtu anayeomba chumvi:

"Koko, pardon. Hiyo beseni inafunga njia ya mtandao. Mutoto wako iko na examen."

"Ah," akasema Koko. "Na sinia?"

"Na sinia pia, Koko."

Koko akaondoa beseni. Ikamchukua muda wa kupiga chafya. Kisha akanigeukia. "Siku tano, Karima. Mungu alikupatia mudomo ya nini?"

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Nikasema basi, yameisha. Adeline akauliza kama waliandika saa nne ya hapa au ya Kinshasa, maana Kinshasa wako nyuma yetu saa moja. Nilikuwa nimesahau! Nikakaa dakika arobaini nzima nikitazama taa nyeupe.

Walimu walikuwa wapole. Wa mwisho aliuliza ninafanya nini nikikutana na shida. Nikajibu kwamba kwanza nawauliza watu wanaojua. Nilisema bila kutetemeka, mpaka nikajishangaa.

Baadaye Adeline aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumatano aliziona buti kwenye bati. "Ungeomba tu, Papa angekata yeye mwenyewe. Hilo tawi lilikuwa linatusumbua na sisi."

Nimeamua kumwomba Papa Paluku msamaha. Nimepitisha barua chini ya mlango wake. Sikuweka jina.

Jumatano, tarehe 20

Nimechaguliwa! Nimesoma ujumbe mara saba. Koko amepiga vigelegele mpaka kuku wakapanda ukuta.

Chini ya ujumbe kuna mstari mmoja. Lazima nimpigie simu sekretari wa shule, mimi mwenyewe, kabla ya Ijumaa saa sita mchana, nithibitishe kwa mdomo. La sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

Koko amenipa simu yake, ina mayuniti ya kupigia. Adeline amesema atakaa kando yangu na kunishika mkono. Nimewashukuru wote wawili. Nimewaambia wasiwe na wasiwasi, jambo limeshughulikiwa.

Na limeshughulikiwa. Nimeandika barua, kurasa mbili, mwandiko safi. Mama Germaine wa mtaa wa nyuma anapanda meli kesho kwenda Kinshasa, wiki tatu kama mchanga wa mto hautawazuia. Nimeongeza aya ya kumwomba sekretari aniwie radhi kwa kuchelewa kidogo.

Mama Germaine alikuwa bandarini akipanga mizigo. Nilimwonyesha bahasha, akaipokea. Sikulazimika hata kufungua mdomo.