Muhuri Unarudi Hadi 2014

Jumatatu, 3 Machi

Amekuja tena leo. Binti Cherehani. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu baba yake ni fundi wa nguo mwisho wa mtaa na yeye mwenyewe hatembei bila futi ya kupimia shingoni. Alikuja kuulizia kile kitabu kinachogombewa na vijana wote: msichana wa leo na mvulana wa zamani wanaandikiana barua, wanazificha nyuma ya saa ya ukutani ya shule. Nakala tunayo moja tu. Ameingoja wiki tano. Nikamwambia aje kesho, kinarudishwa jioni hii.

Akaniuliza kama nimekisoma. Nikasema mara mbili. (Nimesoma jalada la nyuma.) Akauliza kama mwisho wake unaumiza. Nikasema inategemea moyo wa mtu. Jibu safi! Halafu nikaharibu. Wakati anaondoka nikamwambia karibu tena, dada. Dada! Ulimi hauna mfupa, na huu wangu hauna hata akili.

Kwa kumbukumbu: nina miaka ishirini. Niko maktaba kwa majaribio ya miezi mitatu, zimebaki wiki mbili. Bi Mkutubi ni rafiki wa Shangazi tangu shuleni, ndiyo maana nilichukuliwa. Shangazi ninayekaa kwake ameshanieleza wazi kwamba nikifukuzwa narudi kwa baba kupakia saruji.

Huyu binti nitampata kwa akili. Njia ya kusema ana kwa ana nimeijaribu leo, na matokeo nimeyaona.

Jumanne, 4 Machi

Akili imefanya kazi! Kama kitabuni mvulana wa zamani anaandika barua, basi na maktaba yetu iwe na mvulana wake wa zamani. Atakuta barua kwenye kile kimfuko cha kadi ndani ya jalada. Ushahidi: muhuri wa tarehe. Nani anabishana na muhuri?

Muhuri wetu una mpini wa mti na mikanda midogo ya mpira: siku, mwezi, mwaka. Unaizungusha kwa ukucha. Nilitaka 1974, enzi za suruali pana. Nikazungusha, nikazungusha, mkanda ukagoma 2014. Kumbe una miaka kumi na miwili tu, na huu wa sasa ndio wa mwisho. Bi Mkutubi ameshaagiza mwingine kabla hatujaishiwa na wakati.

Basi 2014. Si zamani sana. Mimi mwenyewe nilikuwa darasa la tatu. Lakini mapenzi hayachagui mwaka. Nikaandika: "Wewe utakayesoma, mimi ni kijana wa maktaba hii. Nimeota msichana mwenye futi shingoni ameshika kitabu hiki. Tangu niote sina raha." Nikagonga muhuri. Ko!

Alikuja saa tano, akachukua, akaondoka. Nyuma yake foleni ndefu, nikagonga vitabu mpaka jioni kwa furaha ya ajabu.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba. Mwaka sikuurudisha.

Vitabu arobaini na kimoja vimetoka Jumanne (jana tulifunga kuhesabu vitabu) vikitakiwa virudi tarehe 18 Machi 2014. Asubuhi tulipofungua tu, Mwalimu Mstaafu alikuwa mlangoni, kitabu amekishika kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Alisema amekichukua juzi, anakumbuka vizuri kuwa ni juzi, lakini kitabu kinasema amekichelewesha miaka kumi na moja. Maisha yake yote hajawahi kuchelewa popote. Akamuuliza Bi Mkutubi, kwa upole sana, kama akili yake imeanza kuondoka.

Bi Mkutubi akautazama muhuri. Akanitazama mimi. Nikasema mpira huwa unalegea kwa joto. Alimtuliza mzee wa watu, kisha akanipa orodha ya majina arobaini na moja na kalamu nyekundu, nipite nyumba kwa nyumba nirekebishe kwa mkono. Akaongeza kuwa likitokea kosa lingine hatanifukuza yeye. Atampigia Shangazi. Afadhali angenifukuza.

Kwa Fundi Cherehani nilifika wa thelathini hivi, soli zinawaka moto. Binti akanifungulia kitabu, akaitazama ile 2014, akatabasamu, akauliza hili ni kosa au ni ujumbe. Mlango umefunguliwa wazi kabisa mbele yangu! Nikasema kosa. Nikakata kwa kalamu nyekundu.

Lakini alitabasamu. Halafu akauliza ni nani aliyekuwa akifanya kazi maktaba mwaka huo. Nikasema nitaangalia. Nyumba zilizobaki nimezipita kama nina mabawa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua rejesta ya zamani ya wafanyakazi. Msaidizi wa mwaka 2014 alikuwa Mpiga Picha! Huyu huyu wa studio ya ng'ambo ya barabara! Leo ana miaka thelathini, viatu vya ncha kali, hana mke, na ana tabia ya kumwambia kila mtu ainue kidevu kidogo.

Niliamua kumwambia Binti Cherehani kwamba rejesta imeliwa na mchwa. Nimechelewa. Alishamuuliza Bi Mkutubi, na Bi Mkutubi, ambaye kwa mambo yangu huwa hana hata dakika moja, akamjibu mara moja.

Nilipangusa rafu moja ya dirishani nusu saa nzima. Nimeona yote. Ameingia studio na barua mkononi. Dakika ishirini. Ametoka anacheka. Jamaa akamsindikiza hadi barabarani!

Mchana Mpiga Picha akaja mwenyewe kujitapa. Eti kuna binti kamletea barua ya zamani na kumuuliza kama ni yake, naye akakubali. Akakiri kwangu hakumbuki kuandika kitu kama hicho, lakini bahati ikibisha hodi haiulizwi inatoka wapi.

Mwizi! Kaiba barua niliyoighushi kwa jasho langu mwenyewe! Na siwezi kumshitaki popote. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Mimi hata ya nne sijamaliza, nimeshaibiwa.

Jumatatu, 10 Machi

Barua ya pili. Imeandikwa kwa hasira lakini kwa ufundi: "Nimeota tena. Atatokea mtu mwenye kamera, adai mimi ni yeye. Usimwamini. Anayekupenda kweli atakuwa amekaa kaunta ya maktaba, upande wa kushoto, shati la buluu." Muhuri 2014. Kisha nikaurudisha mwaka huu, nikahakikisha mara tatu. Nani kasema sijifunzi?

Nikamtumia salamu kwamba kitabu kinahitaji lebo mpya. Akakileta, nikabandika lebo, nikachomeka barua, nikamrudishia. Hakushuku kitu.

Shangazi ameuliza kwa nini nafua shati jioni hii ili nilivae tena kesho. Nikasema nalipenda. Akasema mficha uchi hazai, akaendelea na kazi zake. Sijui alikuwa anamsema nani.

Jumatano, 12 Machi

Alikuja saa nane, maktaba imetulia. Nimekaa upande wa kushoto. Shati la buluu siku ya tatu.

Aliziweka barua zote mbili kaunta, bega kwa bega. Kando akaweka kadi yake ya uanachama, ambayo niliijaza mimi. Halafu akavua futi shingoni na kupima vile viduara ninavyoweka juu ya herufi i badala ya nukta. Vyote sawasawa. Kisha akafungua ukurasa wa mwanzo wa kitabu na kunionyesha kwa kidole: kimechapishwa 2021. Mvulana wa 2014 aliweka barua ndani ya kitabu ambacho hakijazaliwa.

Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Kwa Mpiga Picha alikwenda kupiga picha za pasipoti, akamuuliza kwa mzaha tu. Alipoona jamaa anakubali bila hata kupepesa macho, akajua mtaani kuna waongo wawili, na mmoja wao angalau anajituma. Barua ile ya mtu wa kamera ilimchekesha mpaka baba yake akasimamisha cherehani kumuuliza kuna nini.

Nilitaka kuingia chini ya kaunta. Hapo akainama, Bi Mkutubi asisikie, akasema:

"Mimi niko hapa, mwaka huu. Kama una neno, Jumamosi saa nne, kwenye benchi la mbele ya posta. Uje na miguu yako, usije na muhuri."

Nikasema ndiyo. Hiyo tu. Akanirudishia kitabu, ameshakimaliza, akaniambia nisome ukurasa wa mwisho kabla ya Jumamosi, kwa sababu yule mvulana anafanana nami sana na itanisaidia. Nikakiazima kwa jina langu.

Nampenda. Naandika hapa kwa kalamu ya kawaida.

Ijumaa, 14 Machi

Siwezi kwenda mikono mitupu. Nikifika pale nitasema nini? Nitamwita dada.

Mchana wazo likanijia! Muhuri haurudi nyuma tu. Mbele unakwenda hadi Desemba. Nitamwandikia barua ya kutoka Desemba, inayosimulia jinsi Jumamosi ilivyokwenda vizuri. Nitamkabidhi pale pale kwenye benchi. Atacheka, na akishacheka maneno yatakuja yenyewe. Kuja na muhuri kakataza, lakini barua hakukataza.

Muhuri nimeutia mfukoni. Kesho maktaba ni nusu siku na zamu si yangu, hakuna atakayejua. Kitabu nitakisoma baadaye. Jambo moja kwa wakati.

Jumamosi, 15 Machi, saa nane mchana

Nieleze kwa utaratibu.

Niliamka saa kumi na mbili. Nikaoga, nikapiga pasi shati. Saa moja nikaketi kuandika barua ya Desemba. Mwanzo ulikuja vizuri: nilifika dakika kumi kabla ya wakati, yeye akanikuta nimetulia. Futi ikamdondoka, nikamwokotea. Akacheka mara mbili. Shida ilikuwa ni mimi nilisema nini. Nikaandika, nikachana. Nakala ya nne ndiyo ilikaa sawa, na nikiisoma nasisimka, siku nzuri sana ile. Nikagonga muhuri. Nikainua macho kwenye saa.

Saa sita kasoro robo.

Nimekimbia kama kichaa. Kwenye benchi alikuwa amekaa Mwalimu Mstaafu peke yake. Aliniambia kwamba msichana mmoja mwenye futi shingoni alimkuta hapo saa nne kasoro dakika tano. Akangoja mpaka saa tano na nusu. Kila mlango wa posta ukifunguliwa alikuwa anageuka. Mwishoni alimwomba amtajie saa, akashukuru, akaenda. Mzee akanitazama na barua yangu mkononi, akasema yeye hajawahi kuchelewa popote.

Moyo umeniuma. Nimekaa pale kama nusu saa. Mzee akanipa nusu ya gazeti lake nisome.

Nyumbani Shangazi alikuwa mlangoni. Bi Mkutubi amepiga simu mara mbili, muhuri umepotea, anaandika tarehe kwa mkono tangu asubuhi. Na Shangazi anajua nimevaa shati la pasi na nimerudi peke yangu. Akasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nikamwambia sina mwana. Akaingia ndani.

Lakini mambo hayajaharibika. Muhuri si ninao? Nimeshaugeuza hadi jana. Barua ya kwanza, 14 Machi, kwa Binti Cherehani: kesho saa nne nitakuwa na udhuru, tafadhali tusogeze hadi saa sita. Nitaisukuma chini ya mlango wa baba yake, hadi chini ya zulia, ionekane ililala hapo na hawakuiona. Barua ya pili, 14 Machi, kwa Bi Mkutubi: naomba ruhusa ya kwenda na muhuri nyumbani kuusafisha. Nitaiweka katikati ya mafaili yake. Atajilaumu mwenyewe.

Kitabu sijakifungua bado. Nitausoma huo ukurasa nikipata nafasi, ingawa sioni haraka. Hadithi za namna hii huwa zinaisha vizuri.