Nianzie kwa Babu

Jumatatu, 2 Juni
Nimeitwa! Karakana ya sare za shule, iko Kawale kule Lilongwe, inatafuta msimamizi wa mafundi wake hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi. Usaili ni Ijumaa. Antoinette, mke wangu, ameshaitangazia kwaya nzima kwamba kazi ni yangu. Nikiikosa, nitaificha wapi sura hii? Ameitwa pia Zihindula, jirani yetu, fundi wa suruali. Maskini. Hana maneno kabisa. Hata salamu humchosha.

Jumanne, 3 Juni
Eti swali la kwanza ni "jitambulishe". Mimi nani? Fundi? Baba? Mtu wa Fizi, Kongo? Nimemwendea Léonidas, anayewaandaa watu kwa mahojiano ya kuhamishiwa ng'ambo. Aliowaandaa wako Kanada, wanatutumia picha za theluji. Akasema kujitambulisha ni kule kule: anza kwa babu, taja kijiji, sema nani alikufukuza na ulipita wapi, na tarehe zisigongane. "Na usicheke. Mwenye kucheka, banasema hana shida."

Jumatano, 4 Juni
Mazoezi mbele ya Antoinette. Babu, kijiji, ng'ombe walioibwa, ziwa. Nikagundua nimevuka ziwa kabla sijazaliwa. Nimerekebisha. Antoinette alilia. Safi! Kisha akauliza, katika habari yote hiyo, cherehani iko wapi. Mwanamke huyu haelewi mambo ya ofisi.

Alhamisi, 5 Juni
Nimechungulia uani kwa Zihindula. Anapiga pasi suruali. Nikamshauri, kwa hila tupu, asiseme sana: ataje kazi yake, aonyeshe suruali, anyamaze. Alishukuru kwa moyo wote. Ameingia mtegoni! Usiku wa leo nitalala vizuri.

Ijumaa, 6 Juni
Kawale. Mama Chisale, mwenye karakana, akaniomba nijitambulishe kwa ufupi. Nikavuta pumzi, nikaanzia kwa babu, kwa Chichewa changu cha sokoni. Tulipofika ziwani, katibu wake alikuwa anapangusa machozi. Tulipoingia Tanzania, Mama Chisale akauliza polepole kama najua kuweka zipu. Zipu! Nimekimbia risasi, yeye ananiuliza zipu! Nikamwomba tusiruke mbele, tarehe zitagongana.

Nimetoka na blanketi na sabuni walivyonipa, na zikomo nyingi, asante za kwao. Blanketi ni zito, zuri kwa baridi hii. Lakini je, ni kazi au si kazi? Sielewi. Zihindula aliingia baada yangu, akatoka kabla sijamaliza kulikunja blanketi.

Jumapili, 8 Juni
Kazi kapata Zihindula! Baada ya ibada akaja kunishukuru mbele ya kwaya. Eti aliwaambia, "Mi nashona suruali. Hii njo moja," akaonyesha aliyoivaa, akageuka waone na nyuma. Basi! Wakamwuliza zipu, akaonyesha zipu. "Ni we ulinifundisha, ndugu yangu," akasema, tena kwa machozi. Antoinette akanitazama. Sitaki kuandika alivyonitazama.

Nimeumia, kweli nimeumia. Akili yangu bora kuliko zote nimempa mtu mwingine bure.

Jumanne, 10 Juni
Ajabu! Baada ya miaka yote hii ya kungoja, tumeitwa mahojiano ya Kanada, familia nzima, Alhamisi. Léonidas alikuja mbio ili tupitie tarehe. Nimemrudisha kwa heshima. Antoinette analia tangu asubuhi, ananisihi nianzie kwa babu, anasema nafasi kama hii hairudi. Ndiyo maana! Mtu hakosei mara mbili. Babu apumzike.

Nimeazima suruali ya Zihindula. Inanibana kiunoni, lakini mstari wa pasi umesimama. Nitasema, "Mi nashona suruali. Hii njo moja." Kisha nitageuka. Na watoto nimewafundisha wote kugeuka, mpaka yule mdogo.