Koti la Umeja Lirudi Kabla ya Harusi

Ndugu Mhariri,

Amani iwe kwako na kwa wote hapo ofisini, hasa huyo aliyechagua picha ya ukurasa wa mbele juzi, maana ndiye aliyenipandisha presha.

Mimi ni Ubwa Darwesh, fundi cherehani wa Mkunazini, niliyefika Maskati na Dubai na nikarudi na akili zangu. Skuli niliiacha njiani, lakini mambo ya vyeo usinifunze. Mmeandika kuwa Mheshimiwa Kificho, anayegombea uwakilishi jimboni kwetu, ujanani alikuwa Meja vitani. Na picha mkaitoa: koti jekundu, vifungo vya dhahabu, moshi nyuma yake. Mpinzani wake, Amjad, anasema Kificho hajapata kushika hata bunduki ya maji. Mji mzima unabishana. Nami nasema kwa heshima zote: nyote mmepotea. Lile ni koti la beni yetu, inayosindikiza maharusi mitaani kwa ngoma na matarumbeta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Moshi ule si wa mizinga. Ni wa biriani, harusini Mkokotoni. Itazameni picha vizuri, kuna mtu kashika mwiko.

2. Kificho hakuwa Meja hata siku moja. Alikuwa mbeba ngoma, cheo cha koplo, nacho tulimpa kwa huruma. Meja ni mimi, kwa kauli moja ya wanabeni. Siku ile nilivua koti nikale, koplo akalivaa akapigwa picha.

3. Gazeti lilipotoka tu, akaja dukani: "Meja wangu, niazime koti, mkutano mmoja tu." Mmoja! Sasa analivaa kila jukwaa, na joto hili, na jasho lile. Ijumaa hii anaolewa Nadra, binti wa jirani yangu Bi Mwanakheri. Marehemu babake, Hamad, ndiye aliyekuwa mpiga tarumbeta wetu, na tulimuahidi kitandani kwake kwamba bintiye atasindikizwa na beni kamili, Meja mbele na koti lake. Jana Bi Mwanakheri kaniuliza mbele za watu: "Ubwa, mwanangu atasindikizwa na beni au na wauza urojo?" Nikajitia natafuta sindano chini ya cherehani, mimi, Meja mzima.

4. Ikiwa kubeba ngoma kunampa mtu uwakilishi, basi mpiga ngoma apewe uwaziri, mpiga zumari ubalozi. Mimi sitaji ninachostahiki, ila ile nyumba kubwa ya pwani, yenye bendera na walinzi, nshaipima mapazia kwa macho.

5. Wagombea wote wanaodai kulitumikia jeshi wapimwe hadharani. Wapigiwe beni kutoka Malindi mpaka Forodhani, kinamama wakitazama, na atakayepotea hatua jina lake likatwe. Mimi nilipigana Kizimkazi nikang'atwa na bata mzinga. Mangapwani nilivunjwa jino na tarumbeta la mwenzangu. Medali sikudai.

Kwa hiyo naomba barua hii itoke kesho, kwa herufi kubwa, ili Kificho aone haya alirudishe koti. Na alifue.

Nisalimie wachapaji, wauzaji na hata mnaogombana nao. Mke wangu, Bi Shemsa, anakusalimu pia. Kaisoma barua akaniambia nipunguze. Sikupunguza.

Ndimi, kwa utiifu na ukali,
Ubwa Darwesh, Meja wa kweli

Baada ya sahihi: Mhariri, barua hii isitoke. Sijafunga bahasha, Kificho huyo, kaleta koti limefuliwa na kupigwa pasi. Kamuapia Bi Mwanakheri kuwa Ijumaa ngoma ataibeba mwenyewe, kampeni ingoje. Bi Mwanakheri kalia, nami nikajifanya nimeingiwa na vumbi machoni. Halafu Kificho kaninong'oneza kuwa akishinda, mshauri wake wa mambo ya ulinzi ni mimi. Nimekaa nikatafakari kwa dhati, na sasa nnakumbuka vyema: alipigana, tena kama simba. Umeja nilimvisha kwa mikono yangu.